Diski ya Usiku wa Wanawake

Jamani, nimetengeneza kompyuta za mtaa mzima hapa mjini Misrata, lakini sijawahi kutengeneza kompyuta huku nimeipa kisogo. Dada yangu Ghalia ndiye aliyenitia katika mkosi huo.

"Geukia ukutani," akasema. "Humu mna wanawake wa watu, vichwa wazi. Ukichungulia tu, Fituri, wallahi nakumwagia chai hii."

Nikageukia ukutani. Ilikuwa diski ya harusi yake, ya usiku wa wanawake, kazi ya Hanan mpiga video, mwanamke mwenzao. Wageni walinyang'anywa hata simu mlangoni. Mimi yasingenihusu kabisa, ila humo ndimo alimokuwa mama. Maisha yake yote mama alikataa kupigwa picha. Nyumbani tunayo ile ya pasipoti tu, kakunja uso. Usiku ule, kati ya wanawake, alikubali. Ghalia anasema hata alicheza. Mama, acheze! Ramadhani iliyopita tukamzika, na sasa diski haifunguki.

"Taa inawaka?"

"Inawaka. Ya buluu."

"Inanguruma?"

"Kama paka."

Basi ina uhai. Nikamwambia abadilishe waya, akabadilisha. Achomeke tundu la nyuma, akachomeka. Azime kompyuta, aiwashe tena. Umeme nao ukakatika, tukangoja mpaka ukarudi. Jibu likawa lile lile: jina la diski linaonekana, akiligusa haifunguki. Kichwa kikaanza kuniwanga. Diski iliyokufa haingurumi hivyo, na kama ni nzima, inagoma nini? Sikuelewa hata chembe.

"Kuna maandishi yoyote?" nikauuliza ukuta.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa, au hakuna ya maana?"

"Fituri, usinichanganye! Nimesahau alivyokuwa akicheka. Unanisikia? Mimi, mwanawe, nimesahau."

Hata mimi nilikuwa nimesahau, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

"Au tuifute yote, tuiandae upya?" akauliza. "Mume wangu anasema ndivyo watu wanavyofanya."

"Wee! Thubutu! Mwambie mumeo akafute za kwao. Ukifuta, mama ndiyo basi tena. Hebu iguse, halafu niambie kila kinachotokea, hata kama ni upuuzi."

"Nimegusa. Kimechomoza kijisanduku. Nimekifunga."

"Kijisanduku gani?"

"Si kile kile cha kila mara."

"Kila mara? Yaani tangu asubuhi unakifunga?"

"Si wewe uliyenifundisha? Kijisanduku chochote kikichomoza, funga upesi, ni virusi!"

La haula. Nikaegemeza paji la uso ukutani. Nilimfundisha kweli, tena kwa makelele.

"Usikifunge, dada yangu. Kinasemaje?"

"Kinataka neno la siri."

Neno gani tena? Hakuna aliyetuambia habari ya neno. Tukampigia Hanan.

"Diski zote za wanawake nazifunga," Hanan akasema, "zisije zikaangukia kwa wanaume. Neno analo mama yenu." Kisha akakumbuka. "Mungu amrehemu. Kwani hakuwaambia?"

"Hakutuambia," Ghalia akasema. "Ulilichagua wewe?"

"Alilichagua mwenyewe. Nilimwambia atafute neno ambalo hatalisahau. Akacheka, akasema, weka jina la mwanangu Fituri, maana yeye ndiye tunayemfungia nje."

Nikasikia vidole vya Ghalia vikibonyeza, taratibu, herufi moja moja. Kisha ngoma, vigelegele, na katikati yake kicheko. Kilikuwa cha mama. Nilikijua papo hapo, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Nikainuka nitoke, macho chini. Wanawake wa watu ni wa watu.

"Unakwenda wapi wewe? Ngoja hapo hapo." Nikasikia nguo ikivutwa. "Haya, geuka."

Ghalia alikuwa amevua mtandio wake na kuutandaza juu ya kioo cha kompyuta kwa mikono miwili, akaacha nafasi ndogo tu. Katika nafasi ile alikuwamo mama, kajifunga kitambaa kiunoni, anacheza. Mama akienda kushoto, Ghalia anausogeza mtandio kushoto. Mama akirudi, naye anarudi.

"Tulia kidogo, mama," Ghalia akakiambia kioo, huku analia, huku anacheka. "Mikono inaniuma, na Fituri bado hajatosheka."