Sauti ya Mwenye Laini

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, kulikuwa na manyunyu mepesi na mawingu yalikuwa yameshuka hadi usawa wa antena. Mkalimani aliweka vipeperushi viwili mezani, kimoja kulia na kingine kushoto, akachukua kalamu. Alikuwa na siku tatu za kuamua.

Shirika moja lilikuwa likiunganisha hospitali na wakalimani wa lugha ya alama kwa njia ya video. Mgonjwa kiziwi akifika jioni, wakati wakalimani wa mchana wameshaondoka, daktari huwasha kompyuta na mkalimani hutokea kwenye skrini akiwa nyumbani kwake. Mkalimani alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka sita. Alikuwa amefaulu mtihani wa lugha na usaili. Kilichobaki ni jaribio la mtandao, Ijumaa saa moja kamili jioni, kwa dakika kumi na tano. Picha yake ikikatika zaidi ya mara tatu, nafasi ingekwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Mkataba haukuruhusu intaneti ya simu ya mkononi. Ulitaka waya.

Waya zilizoifikia nyumba yao zilikuwa mbili. Moja ilikuwa laini ya simu ya mezani, ambayo kampuni ya simu ingeweza kuipitishia intaneti ya DSL. Nyingine ilikuwa kebo ya televisheni, iliyopita kwenye nguzo nje ya dirisha la jikoni.

"Kebo," alisema mdogo wake bila kuvitazama vipeperushi. "Dada, hapa hakuna cha kujadili. Kebo ina kasi mara kumi."

Mdogo wake aliuza vipuri vya pikipiki. Mtaani walimwita Spika, kwa sababu tangu utotoni aliongea kwa niaba ya nyumba nzima, hata pale nyumba ilipokuwa haijamtuma.

"Kasi ya kupokea," alisema Mkalimani. "Mimi nahitaji ya kutuma. Halafu kebo ni ya mtaa mzima, wote tunakinga bomba moja. Watu wakirudi kazini jioni, inabaki matone."

"Na DSL?"

"Ni ya polepole, lakini laini ni yetu peke yetu. Asubuhi na jioni ni ileile."

"Kobe mwenye msimamo."

"Mikono haihitaji mbio. Inahitaji isikatike."

"Na mechi je?"

"Spika, hii ni kazi."

"Nauliza tu. Na mimi ni raia wa nyumba hii."

Mama yao alipiga meza mara mbili kwa kiganja. Katika nyumba hiyo, hivyo ndivyo mtu alivyoomba macho ya wenzake. Mama alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Alikuwa fundi cherehani, na mikono yake iliongea kama ilivyoshona, bila mshono wa ziada.

"Mnagombania nini?" aliuliza kwa alama.

Mkalimani alimweleza. Mama alisikiliza kwa macho hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Ipi haitakukata mikono?"

Mkalimani aligusa kipeperushi cha kampuni ya simu.

"Basi hiyo. Laini ina jina langu. Nitakwenda kutia saini mwenyewe."

Alisema hivyo kama mtu aliyekuwa amejiandaa zamani na hakuwahi kuitwa. Laini iliandikwa jina lake baba yao alipofariki. Tangu hapo simu zote za kampuni zilipigwa na binti yake, na kila kitu kilimalizikia kwenye simu. Lakini kubadilisha huduma kulitaka mwenye laini afike ofisini na kitambulisho.

Walifika Jumatano saa tatu asubuhi. Mama alivaa gauni lake la bluu, lile la kwenda kwenye mambo ya serikali, na kitambulisho alikitia ndani ya bahasha mpya. Karani aliyewapokea alikuwa mwanamume wa makamo mwenye tai fupi na macho mekundu ya kukesha au ya kompyuta.

Mkalimani alijitambulisha kwa ufasaha. Alisema mteja ni mama yake, kwamba mama yake hasikii wala hasemi, na kwamba yeye ni mkalimani kwa taaluma. Kisha akasimama hatua moja nyuma ya bega la mama, kama kazi inavyotaka. Kanuni za kazi hiyo ni chache. Mkalimani hatoi neno, haongezi neno, hafichi neno. Na mteja anapoongea, mkalimani husema "mimi" badala yake, ili msikilizaji asahau kwamba kuna mtu wa tatu chumbani.

Mama aliinua mikono.

"Mimi ndiye mwenye laini," alisema Mkalimani. "Nataka kuongezewa intaneti ya DSL. Kabla ya Ijumaa, kama inawezekana."

Karani alichapa namba. Alisoma. Akashusha miwani, akasoma tena.

"Samahani, dada. Nani mwenye laini? Wewe au yeye?"

"Yeye."

"Umesema mama hasemi."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

Karani aliigeuza skrini kidogo, kisha akairudisha, kama mtu aliyekumbuka kwamba haruhusiwi.

"Hapa mwenye laini ametupigia simu mara sitini na mbili. Kuna maelezo ya wenzangu. 'Mteja mpole, anaongea haraka.' Na mwaka juzi tulisajili sauti za wateja kwa ajili ya usalama. Alitaja jina lake mara tatu. Tunayo sauti yake."

Mkalimani hakukalimani hilo. Mikono yake ilikuwa tumboni, kidole kimoja kimeshika kingine.

Mama alimgeukia. "Amesema nini? Ameongea maneno mengi."

Mkalimani alikuwa na miaka tisa aliposhika simu ile mara ya kwanza kwa kazi ya watu wazima. Laini ilikuwa imekatika. Alimweleza mhudumu kwamba mama ni kiziwi, na mhudumu akajibu, "Mpe simu mwenye laini, mtoto." Alingoja kidogo, akapuliza pumzi karibu na mdomo wa simu, akasema kwa sauti nzito zaidi, "Ndiyo, mimi hapa." Laini ilirudi jioni hiyohiyo. Mama alimbusu kwenye paji la uso. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na mara ya kumi hakuifikiria. Siku zote mama aliamini kwamba binti anaanza kwa kusema: mimi ni mwanawe, naongea kwa ajili yake.

Angeweza kumdanganya palepale, kwa mikono, mbele ya karani ambaye asingeelewa. Alifikiria hivyo kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha akakalimani kila neno, bila kutoa wala kuongeza: simu sitini na mbili, mteja mpole, jina mara tatu.

Mama aliitazama skrini asiyoweza kuisoma kutoka pale alipokaa.

"Kaka," alisema Mkalimani, sasa kwa nafsi yake, "sauti hiyo ni yangu. Nilikuwa napiga mimi."

Karani aliinua kiganja. "Dada, usiniambie hilo. Nikilisikia, nitaliandika. Nikiliandika, ni kujifanya mteja, na laini inafungwa leo. Sijasikia."

"Lakini kitambulisho ni chake. Picha ni yake. Mtazame."

"Namtazama. Kitambulisho kiko sawa kabisa. Lakini kitambulisho huibwa, ndiyo maana tulichukua sauti. Mfumo unaniambia mwenye laini anasikia na anasema, na huyu wa mbele yangu hasikii wala hasemi. Mfumo umekwishanifungia ukurasa. Lazima faili liende uhakiki."

"Siku ngapi?"

"Kumi na nne za kazi."

"Jaribio langu ni keshokutwa."

"Naelewa."

"Huwezi kufanya chochote?"

Karani alibonyeza kitufe mara mbili ili waone wenyewe. Ukurasa haukufunguka. "Nilicho nacho ndicho hiki," alisema. "Mwambie mama namwomba radhi."

Mkalimani alimwambia. Mama aliitikia kwa kichwa, akakirudisha kitambulisho ndani ya bahasha, akaibana bahasha kwa vidole hadi mkunjo ukakaa.

Walitembea kurudi nyumbani. Mbele ya duka la rangi mama alisimama chini ya kibanda cha bati, ambako hapakuwa na watu wa kupishana nao.

"Miaka yote hii nilikuwa nasemaje?"

"Ulikuwa mpole. Ulisema tafadhali. Ulisema asante sana."

"Mimi si mpole."

"Najua, Mama."

"Nilikasirika hata mara moja?"

"Hapana. Niliogopa wasingenisaidia."

Mama alifuta mkono kwenye gauni, kisha akauliza polepole, herufi kwa herufi, kana kwamba swali hilo halikuwa na alama yake.

"Jina langu. Linasikikaje?"

Mkalimani alijaribu mikono yake mara mbili. Alikuwa na cheti cha ukalimani, uzoefu wa miaka kumi na moja, na barua za sifa kutoka shule tatu.

"Fupi," alijibu.

Alhamisi fundi wa kebo alileta ngazi, akapanda nguzo, akatoboa ukuta wa jikoni, akaunganisha modemu. Kazi ilimchukua saa moja na nusu. Saa tisa alasiri walipima kasi na Spika akafurahi kama aliyeshinda kura.

"Umeona namba hizo? Nilisema. Hapa unaweza kukalimani hospitali tatu kwa mpigo."

"Jioni inakuwaje?" Mkalimani alimuuliza fundi.

Fundi alikuwa akikunja waya wake. "Jioni inategemea majirani, dada yangu. Nguzo hii inalisha nyumba arobaini na mbili. Wakiwa wastaarabu, utakuwa sawa."

"Tunaweza kuomba laini ya peke yetu?"

"Kebo haina peke yako," alisema fundi, bila ubaya.

Ijumaa saa moja kasoro dakika tano Mkalimani alikaa mbele ya kitambaa cheusi ambacho mama alikuwa amekipindia ukingo. Mama alisimama mlangoni. Kwenye skrini walitokea watu wawili: msimamizi wa jaribio na mwanamume kiziwi aliyeigiza mgonjwa.

Dakika nne za kwanza zilikwenda vizuri. Mgonjwa alisema maumivu yalianzia mgongoni. Mkalimani alisema kwa sauti, msimamizi akauliza swali, Mkalimani akaligeuza kuwa alama. Kisha mkono wa mgonjwa ulisimama hewani. Ukabaki hapo, ukavunjika vipande vya miraba, ukatokea tena mahali pengine, katikati ya sentensi nyingine.

"Moja," alisema msimamizi.

Spika alishaelewa. Alitoka bila viatu, akagonga mlango wa kwanza, ambao ulikuwa wa mwalimu wa hesabu.

"Mwalimu, naomba uzime televisheni. Dakika kumi tu."

"Nizime mechi kwa sababu gani?"

"Dada yuko kwenye jaribio la kazi. Mtandao unagawanyika."

"We Spika, leo unatuongelea hadi rimoti zetu?" Lakini alimtazama miguuni, akaizima. Ghorofani kwake watoto wake walikuwa na simu nne, zote zikivuta mtandao huohuo, na hakuna aliyewauliza.

Mlango wa pili walizima. Wa tatu walimwambia arudi wakati wa mapumziko. Wa nne hawakufungua, ingawa sauti ya mtangazaji ilisikika hadi ngazini. Zilibaki nyumba thelathini na saba.

Ndani, msimamizi alikuwa amefika tatu. Mkalimani alipunguza kasi ya mikono, akadhani labda mwendo mdogo ungepita. Mama aliona kutoka mlangoni kilichokuwa kikionekana upande wa pili, katika dirisha dogo kwenye kona ya skrini lililorudisha picha kama ilivyofika huko: binti yake ameganda, mikono imeinuliwa, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayezuia mlango usimwangukie. Mama alipunga mkono ili kumjulisha. Hakukuwa na cha kumjulisha. Mkalimani alikuwa akijiona.

"Nne," alisema msimamizi, na sauti yake ilifika bila kasoro yoyote. "Tusimame hapo. Nataka ujue kwamba lugha yako ni nzuri sana. Tatizo si wewe."

"Naomba siku kumi na nne," alisema Mkalimani. "Kuna laini nyingine."

Msimamizi alikuwa akijibu picha ilipoganda tena. Sauti nayo ikaondoka.

Msimamizi alimpigia aliyefuata kwenye orodha, na Jumamosi asubuhi akatuma ujumbe kwamba nafasi imejazwa. Mgonjwa wa kuigiza alikwenda kula. Mwalimu wa hesabu aliwasha televisheni yake. Spika alirudi nyumbani, akachomoa modemu, akaichomeka, akaichomoa tena, kisha akakaa jikoni. Karani alilipeleka faili uhakiki, namba mia mbili na nane kwenye foleni. Mkalimani alirudi Jumatatu kwenye shule alikokalimani nusu siku na akaomba afutwe kwenye zamu za Ijumaa, siku asiyotaka tena kukalimani. Mama alikwenda siku hiyo peke yake hadi ofisi ya kampuni ya simu, akiwa na daftari na kalamu, akachukua tiketi ya foleni na kukaa. Namba ziliitwa kwa kipaza sauti. Yake iliitwa saa nne, na saa sita akarudi nyumbani. Jumanne alikwenda tena.