Ulimi wa Kiatu

Danieli alikuwa mtu wa kupenda mashahidi. Akiuza ndama, anaita watu. Akigombana na mkewe Ferista juu ya chumvi, anamwita jirani aje aonje mboga. Kwa hiyo bunduki yake ya upepo ilipoharibika, hakuna aliyeshangaa kusikia kwamba ataifungua uani kwake Jumamosi, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Mbonile, na mbele ya mtu aliyedaiwa kuiharibu.

Mtu huyo alikuwa Lusubilo, kaka yake Ferista. Hapo tu palikuwa na aibu ya kutosha. Kwetu Mbozi mtu aliyekupa dada yake hashtakiwi hadharani kama mwizi wa kuku. Ukiwa na neno naye unamtuma mtu mzima, mnazungumza ndani, mnamaliza. Danieli aliyajua hayo kuliko wengi, lakini alikuwa na hasira, na hasira yake siku zote ilitaka watazamaji.

Lusubilo alikuwa ameiazima bunduki mwezi wa Novemba, kunguru walipokuwa wakifukua mbegu za mahindi shambani kwake. Akairudisha akisema haina nguvu, kirisasi kinadondoka karibu na miguu ya mpigaji. Danieli akatangaza sokoni Vwawa kwamba shemeji yake ameifyatua tupu, bila risasi, mpaka akaiua, bunduki aliyoachiwa na marehemu baba yake, naye baba alipewa na Mzungu wa shamba la kahawa. Neno lile lilitembea. Lusubilo alipokwenda kwa Mzee Mbonile kuazima bomba la kupulizia kahawa, mzee akamwambia kwa upole kwamba bomba lake ni zee, halitaki mikono ya kila mtu.

Zamani ushirika ungempa bomba na dawa. Miaka hii wanunuzi binafsi wanakuja na magari yao, wanachagua kahawa safi, na kila mtu na lake. Buni za Lusubilo zilikwisha kuanza kuwa nyeusi. Bila bomba msimu huo hangekuwa na cha kuvuna, na bila kusafishwa jina hangepewa bomba.

Jumamosi ikafika. Danieli alitandika gunia, akakunja mtutu na kuurudisha, akaweka kinyoya laini cha kifaranga pale mtutu unapokutana na mwili wa bunduki. Akaeleza kwa sauti ya mwalimu kwamba upepo ukivuja hapo kinyoya kitaruka, na kisiporuka ubovu uko ndani. Akafyatua. Kinyoya kikatulia palepale. Mzee Mbonile akatikisa kichwa kwa heshima, na Danieli akafurahi sana, bado hajui anakoelekea.

Akachomoa pini, akaikandamiza springi kwa kifua isije ikamrukia usoni, akaiachia polepole. Pistoni ikatoka. Mbele yake hukaa ngozi ya duara, mfano wa kikombe kidogo, ndiyo inayozuia upepo usirudi nyuma. Ngozi ile ilikuwa imeungua. Ilikuwa nyeusi, ngumu kama ukoko wa ugali, na ukingo wake umemeguka. Harufu ikampanda puani, naye akaitambua mara moja. Ilikuwa dizeli.

Mwezi wa Oktoba, kwenye harusi ya mdogo wake Jofrey, bunduki ile ililia mpaka mbuzi wakakata kamba. Watu walishangilia, wakasema kweli Danieli ana silaha. Utingo mmoja wa Tunduma ndiye aliyemfundisha kwamba ukidondoshea dizeli ndani inalipuka kama bunduki ya kweli. Alidondoshea, akafyatua, akadondoshea tena. Kila mlipuko uliokuwa ukimpa sifa ulikuwa ukiichoma ngozi, na mwezi uliofuata Lusubilo aliazima bunduki iliyokwisha kufa.

Danieli alihisi masikio yakiwaka. Wenzake walikuwa wakimtazama wasielewe kitu, kwa sababu pale uani ni yeye tu aliyejua kuisoma ngozi ile. Angeweza kusema. Akasema, "Imeungua," hakusema imeunguzwa na nini.

Lusubilo akachuchumaa karibu, akaigusa. "Nisamehe, shemeji," akasema. "Sikujua kama kuifyatua tupu kunaunguza."

Na Danieli, Mungu amsamehe, akajibu, "Yameshapita."

Mzee Mbonile akauliza kama inatengenezeka. Danieli akasema inahitaji ngozi ngumu kidogo, ya ng'ombe, na pale nyumbani hakuna. Kabla hajamaliza, Lusubilo alikwisha vua kiatu. Ni viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vya pekee. Akaazima kisu, akakata ulimi wa kiatu, akaunyoosha kwa mikono miwili, kama apewavyo mkubwa. Danieli akaupokea. Ferista alikuwa mlangoni ameshika sufuria. Mashati ya mumewe yenye dizeli alikuwa akiyafua yeye. Akarudi jikoni.

Jioni, akimtengea maji ya kuoga, ndipo aliposema, "Vile viatu alivinunua ili anisindikize siku ya harusi yetu." Akaondoka. Danieli aliloweka ngozi, akaikata duara, akaifinyanga juu ya pistoni na kuifunga uzi ikauke. Vidole vilijua kazi, lakini kila alipoiangalia aliona rangi ya kiwi ya kiatu upande mmoja.

Jumapili baada ya ibada wakakutana tena. Danieli alikuwa ameipaka ngozi mafuta ya ng'ombe na kufunga kila kitu. Akalenga kopo juu ya ua, akafyatua. Ikasikika sauti ndogo tu, kama mtu aliyefunga Biblia, na kopo likatoboka pande zote mbili. Mzee Mbonile akasifu.

Lusubilo peke yake hakufurahi. Alilitazama kopo, akaitazama bunduki. "Mbona hailii kama siku ya harusi ya Jofrey?" akauliza. "Labda ngozi haijatosha. Ipo ya kiatu cha pili." Akainama, akaanza kulegeza kamba.

"Acha, shemeji," Danieli akasema. "Ile sauti ilikuwa dizeli. Niliitia mimi, na ndiyo iliyounguza. Wewe hukuharibu kitu."

Lusubilo alibaki ameinama, kamba mkononi. "Jana nilipokata kiatu," akasema, "ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

Lusubilo akafunga kamba yake taratibu. Kile kiatu kingine, kisicho na ulimi, kilionyesha soksi. Akamuaga dada yake, akamuaga mzee, akatoka.

Danieli aliona haya hata kumtazama mkewe. Akamwomba Mzee Mbonile ampe lile bomba, alibebe mgongoni yeye mwenyewe leo hii hadi kwa shemeji, na dawa ampulizie. Mzee alichukua kofia yake, akaipangusa vumbi.

"Bomba nitampelekea mwenyewe," akasema. "Wewe, Danieli, kwa sasa siwezi kukuazima kitu."