Buti Zisizo na Zipu

Mbwa alirudi na miguu safi. Hapo ndipo mashaka ya Hester Beddoes yalipoanza, na mimi simlaumu, maana mwezi wa Februari katika bonde lile hakuna kiumbe cha miguu minne kinachorudi nyumbani kisafi. Tope la kule halina adabu. Linaingia kwenye soksi, linaingia kwenye gari, linapanda hadi kwenye mito ya kochi. Lakini huyu Mossop, mbwa wa masikio marefu na tumbo la karibu na ardhi, alikuwa ametembezwa saa mbili nzima kando ya mfereji wa mashua, akarudi manyoya ya miguuni yamekaushwa, yamechanwa, yananukia sabuni ya lavenda.

Clement, mume wake, alikuwa na tope hadi magotini.

"Umemwosha mbwa?" Hester aliuliza.

"Nani, mimi? Kajiramba njiani."

"Kajiramba lavenda?"

"Ah, wewe naye! Chai ipo?"

Miaka thelathini na nne ya ndoa, na Clement hajawahi kumkausha mbwa hata mara moja. Huyu ni mwanamume anayejifutia mikono kwenye pazia. Kwa hiyo kuna mtu mwingine aliyemkausha Mossop, na anayekausha miguu ya mbwa ni mtu mwenye sakafu yake ya kulinda. Ana sakafu, ana taulo, ana sabuni ya lavenda. Mwanamke huyo! Hester hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mwenye macho haambiwi tazama. Tena, alipokumbuka vizuri, haikuwa mara ya kwanza. Kila Jumanne na kila Ijumaa, tangu vuli, mbwa alikuwa akirudi hivyo hivyo, na jioni anakinusa chakula chake na kukiacha kama mtu aliyetoka karamuni.

Kusema kweli, Hester alizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na chongo. Chupa ya mvinyo wa Krismasi aliitia alama ya penseli, aone nani amekunywa. Mayai ya kuku wake aliyahesabu asubuhi na akayahesabu tena mchana. Na shaka hiyo hiyo ndiyo iliyomwondoa Bryony, mtoto wao wa pekee. Miaka sita nyuma, siku ya mazishi ya mama yake Hester, pete ya marehemu yenye kito cha kijani ilipotea, na Hester akamwambia binti yake mbele ya wageni wenye vikombe vya chai mikononi: "Wewe ndiye uliyeingia chumbani kwa bibi yako mwisho." Bryony aliweka kikombe chini, akachukua koti lake, akatoka. Tangu hapo kadi ya Krismasi ilikuja kwa jina la baba peke yake.

Clement hakumlaumu mkewe hata kwa neno moja. Alinyamaza tu, na ukimya wake ukawa unaongezeka mwaka hadi mwaka. Sasa Hester alidhani amejua mumewe alikuwa akiyapeleka wapi maneno yake. Na akiondoka je? Mwanamke wa miaka sitini na mitatu atabaki na nani, na saa ya ukutani na kuku sita? Kwa wazo hilo akashindwa kumaliza mkate wake.

Akaamua kwenda kuona kwa macho yake. Ila huwezi kwenda kuona kitu Februari bila viatu, na gambuti zake zilikuwa zimepasuka kisiginoni tangu mwaka juzi.

Jumatano akaenda kwa Thelma Gittins. Duka la Thelma liliuza matandiko ya farasi, makoti ya mvua na buti ndefu za ngozi, zile zinazofika chini ya goti, ambazo watu wa kule huzivaa mpaka kanisani wakiona uvivu kubadilisha. Lilinuka nta na ngozi. Thelma alikuwa na futi ya fundi shingoni, na sauti ya kusikika shamba la pili.

"Bi Beddoes! Leo jua litachomoza usiku. Wewe unataka buti?"

"Nataka kumtembeza mbwa."

"Wewe? Si ulisema mbwa ni wa Clement na tope ni la Mungu?"

"Watu hubadilika, Thelma."

"Haya, mpenzi, kaa hapo. Soksi nene umevaa? Vizuri. Watu wananunua buti na soksi za harusini, halafu wanakuja kulia kwangu." Akavuta kisanduku cha kadi. Kila mteja wa Thelma ana kadi yake, urefu wa wayo na unene wa shavu la mguu, kwa sababu buti ndefu ikikubali wayo na kukataa shavu, umenunua pambo. "Beddoes, Beddoes... hii hapa. Namba tano, shavu sentimeta thelathini na nne. Za kahawia, mwezi wa kumi." Akaitazama miguu ya Hester, ambayo ni namba saba, na mashavu yake ni ya mwanamke aliyekula viazi maisha yake yote. "Loo! Tangu mwezi wa kumi umekula nini?"

"Sijawahi kununua buti hapa."

Thelma alifunga mdomo. Si jambo la kila siku hilo.

"Labda nimechanganya kadi," alisema.

"Beddoes wengine wako wapi? Wa kule juu wameisha wote, tuliwazika pamoja mimi na wewe. Nani alinunua?"

"Wateja ni wengi, mpenzi, sikumbuki."

"Thelma."

"Alikuja na mbwa," Thelma alisema polepole, macho kwenye kadi. "Vipimo alikuwa navyo kwenye karatasi. Sikuuliza. Kazi yangu ni miguu tu."

Masikio ya Hester yaliwaka moto. Namba tano! Kijiguu cha msichana! Na Clement amekaa akapima shavu la mguu huo kwa futi, yeye ambaye siku ya kuzaliwa ya mkewe hununua kitambaa cha kukaushia vyombo. Angelia palepale, lakini kulia mbele ya Thelma ni sawa na kubandika tangazo mlangoni mwa posta.

"Nionyeshe buti," alisema.

Thelma, kwa aibu, alimletea jozi mbili bora. Akaziinamisha, akakunja soli, akagonga kisigino. "Hizi zina zipu. Unavaa kwa dakika, unavua kwa dakika. Ubaya wake, tope likiingia kwenye meno ya zipu, baada ya majira mawili ya baridi imekufa. Hizi nyingine hazina zipu, ngozi moja kutoka juu hadi chini, maji hayapati pa kuingilia. Unavaa kwa kuvuta masikio haya ya ndani. Ila nikwambie ukweli, siku za mwanzo zikilowa zinabana, na mwenyewe huzivui. Lazima upate mtu wa kukuvuta. Mtu unaye?"

"Nina mume," Hester alisema, na neno lilimkwama kidogo.

"Basi chukua hizi. Lakini wiki nzima uzivae ndani ya nyumba kwanza, jikoni, kwenye ngazi, mpaka zikuzoee. Usiende nazo matopeni kesho, tafadhali. Zitakula kisigino chako."

Hester alizichagua zisizo na zipu, kwa sababu zipu ni kitu chenye meno na yeye hakuamini kitu chenye meno. Alilipa pauni mia mbili na themanini bila kuguna, na hilo peke yake lilitosha kumtisha Thelma.

Wiki ya kuzizoesha hakuwa nayo. Ijumaa Clement alikuwa na miadi ya jino huko mjini Ludlow, akaondoka na gari baada ya chakula cha mchana, akasema, "Mossop leo apumzike, mvua inakuja." Gari lilipopinda kona, Hester alikuwa ameshavuta buti mguuni. Alikuwa na hila yake. Mume anaweza kudanganya njia, lakini mbwa hana siri. Angemfungulia geti tu, aone atakwenda wapi.

Mossop hakufikiri hata kidogo. Mfereji uko kushoto. Yeye alipinda kulia, mkia juu. Alipita malisho ya majirani, akina Tudge, akajipenyeza chini ya ngazi ya mbao ya kuvukia ua, akamngoja Hester aliyekuwa akiipanda huku akiguna, kisha akashika njia ya msituni kama mfanyakazi anayewahi zamu.

"Eti mfereji!" Hester alimwambia mbwa. "Eti kandokando ya maji! Mnanifanya mimi mjinga, wewe na bwana wako."

Mvua ilianza. Tope lilipanda hadi vifundoni, halafu zaidi, na buti hazikuvuja hata tone. Hapo Thelma alisema kweli. Lakini visigino vilianza kuungua, na kila hatua ilikuwa kama mtu anamkwangua kwa kijiko. Njiani alipanga maneno ya kumwambia yule mwanamke. Alipanga makali, akayaacha, akapanga makali zaidi. Na katikati ya maneno hayo, bila kuitwa, likamjia akilini kopo la vifungo.

Kopo hilo lilikaa kwenye kabati lake la kushonea, na hakupenda mtu aliguse. Miaka minne iliyopita, akisafisha banda la bustani, alitingisha glavu kuukuu ya mama yake, ile ya kupalilia waridi, na kwenye kidole kimoja kukawa na kitu kigumu. Pete. Bibi kizee mwenyewe aliivua pamoja na glavu, akasahau, akafa. Hester aliikamata mkononi mpaka ikapata joto, akaenda kuizika chini ya vifungo, na hakumwambia mtu. Angesema nini? Angeanzia wapi? Alijiambia kesho, na kesho ilikuwa imefika mara nyingi.

"Siri yangu na yake si sawa," alisema kwa sauti, akimaanisha Clement. Mossop alimtazama tu.

Walitokea kwenye nyumba ndogo ya mawe, iliyokuwa ya mlinzi wa msitu. Dirisha lilikuwa na taa. Chini ya kibaraza zilisimama buti ndefu za kahawia, nyembamba, namba tano. Taulo la mbwa lilining'inia kwenye msumari. Mossop alikunywa maji kwenye bakuli la pale kana kwamba ana hisa. Hester alijifuta mvua usoni. Akagonga.

Aliyefungua mlango alikuwa Bryony.

Alikuwa amekata nywele. Mbwa aliketi kwenye mkeka na kuinua mguu mmoja asubiri kufutwa.

"Umefuata mbwa," Bryony alisema hatimaye.

"Nimefuata mbwa."

"Baba yuko wapi?"

"Kwa daktari wa meno. Tangu lini uko hapa?"

"Mwezi wa tisa."

Bryony alichukua taulo, akamfuta Mossop miguu yote minne, mmoja mmoja, akamwachia aingie. Harufu ya lavenda ikatoka kwenye taulo. Hester alibaki mvuani. Hasira yote aliyoibeba tangu getini ilikuwa haina tena pa kutuliwa, na chini yake kulikuwa na hofu kubwa kuliko ile ya kuachwa na mume.

"Naweza kuingia?"

"Na matope hayo?" Bryony alisema. "Buti unavulia hapo hapo, kama kila mtu."

Hakuna nyumba ya kule utakayoingia na buti za tope, uwe mfalme uwe mama mzazi. Hester aliketi kwenye benchi la kibarazani, akashika kisigino, akavuta. Buti haikusogea. Akavuta tena mpaka uso ukawa mwekundu. Ngozi mpya, iliyolowa, ilikuwa imemshika shavu la mguu kama mdai.

"Kwa nini ulinunua zisizo na zipu?"

"Thelma aliniuliza kama nina mtu wa kunivuta."

Bryony alimtazama, na Hester hakujua kama atafunga mlango. Kisha binti akashuka kibarazani na soksi zake, akampa mama yake mgongo, akaupitisha mguu wa mama katikati ya magoti yake na kukamata kisigino, vile vile alivyokuwa akimvua baba yake alipokuwa na miaka saba. Kwa namna ile anayevuta haoni uso wa anayevuliwa, na yule mwingine huweka mguu wa pili kwenye makalio ya mvutaji, asukume.

Buti ya kwanza ilitoka kwa kishindo. Bryony akakamata ya pili. Mgongo ule ulikuwa karibu sana, na macho yake yalitazama kwingine.

"Pete niliipata," Hester alisema.

Mikono ilisimama kwenye kisigino.

"Ilikuwa kwenye glavu ya bibi yako. Ilikuwa humo siku zote."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Baba alikuona. Alikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye kibanda cha vioo cha kuoteshea nyanya. Aliona ulivyoishika, akaona ulivyoingia nayo ndani bila neno. Alinipigia simu usiku ule ule. Akasema, tumpe nafasi, atasema mwenyewe." Sauti ya Bryony ilitetemeka, akaikaza. "Miaka minne, Mama. Kila simu, na sasa kila Jumanne na kila Ijumaa, namuuliza: kasema? Anasema, bado."

Hester alimwona Clement mezani, usiku baada ya usiku, akipaka siagi kwenye mkate, akimtazama, akingoja. Kumbe miaka yote alidhani ni yeye anayemchunguza mumewe. Uso ulimwungua kwa aibu, na machozi yakaja bila kuomba ruhusa.

"Iko kwenye kopo la vifungo," alisema. "Nitakuletea. Kesho nitakuletea."

"Sikuwahi kuitaka pete."

Mvua ilipiga bati la kibaraza. Ndani, Mossop alikuwa ameshapata sahani yake.

"Sikukuamini," Hester alisema, "na nilipojua, niliona haya, nikakuacha ubebe lawama wewe. Wewe hukuiba kitu. Nisamehe, mwanangu."

Bryony hakugeuka. Alipangusa pua kwa mkono wa sweta, akakaza vidole upya kwenye kisigino cha buti.

"Baba utamwambia mwenyewe," alisema. "Leo. Kabla hajavua koti."

"Nitamwambia."

"Haya. Weka mguu, usukume."

Hester akauweka mguu wake wenye soksi iliyolowa kwenye makalio ya binti yake, akasukuma.