Mpiga Mbiu wa Nakorowai

Kazi ile tulipewa na jumba dogo la makumbusho, mwaka wa tano tangu kijiji cha Nakorowai kihamie mlimani. Bahari ilikuwa imekula makaburi, ikala uwanja wa raga, ikaanza kuingia majikoni. Makumbusho walitaka mgeni avae miwani ya kompyuta, atembee ndani ya kijiji kile kama kilivyokuwa.

Sisi tuko wawili, ofisi yetu iko juu ya duka la vitambaa hapa mjini Suva. Mimi, Mereani, ndiye ninayepanga: mgeni aanzie wapi, aone nini kwanza, ahisi nini kabla hajaambiwa chochote. Maandishi pia ni yangu. Dharmesh anaandika programu na kujenga nyumba kwenye kompyuta. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa, na tunagombana kama mtu na shemeji yake.

Kwa miezi minne tulipanda na kushuka mlima ule. Tulipeleka fungu letu la mizizi ya yaqona, kinywaji cha heshima huku kwetu, ikatwangwa, tukanywa mkekani na wazee, tukaomba ruhusa, tukapewa. Watu walituletea picha zilizoliwa na chumvi, wakabishana kama mlango wa kanisa ulikuwa wa buluu au wa kijani. Lakini wote walisema jambo moja: bila Mzee Sakiusa, hapo si Nakorowai. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga mbiu. Kila alasiri alizunguka kijiji kizima akitangaza mambo ya kesho. Alifariki mwaka mmoja kabla ya kuhama, akaacha kaseti moja ya redio, dakika sita, akihojiwa kuhusu kimbunga.

Siku tisa kabla ya ufunguzi tulimwalika mjane wake, Bibi Ulamila, aje ofisini kujaribu. Dharmesh alimvalisha miwani. Bibi akatembea polepole, akanyoosha mkono kushika mwimo wa mlango ambao haukuwepo.

"Eh! Mpaka ufa wa ukuta mmeuweka," akasema.

Ndipo akasimama ghafla. Nilimwangalia Dharmesh, alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. Kwenye spika ilikuwa inasikika sauti ya mwanamume mzee: "Karibuni, wageni wetu wapendwa. Hii ndiyo Nakorowai, nchi ya mababu zetu. Ingieni kwa amani."

Bibi alivua miwani. "Huyu nani?"

"Ni Mzee, bibi," Dharmesh akasema. "Mashine imejifunza sauti yake kwenye ile kaseti."

"Koo ni lake. Maneno si yake. Sakiusa hakuwahi kumwita mtu mpendwa. Hata mimi mkewe." Akamrudishia Dharmesh miwani. "Mmemfunga tai mume wangu. Nipelekeni stendi."

Dharmesh aliporudi kutoka kumpeleka Bibi stendi, nilimfungia njia mlangoni. "Ulimwuliza nani?"

"Si tulipewa ruhusa?"

"Ya kijiji. Mdomo wa marehemu nani alikupa?"

"Na yale maneno ya kukaribisha aliandika nani? Si wewe, kwa ajili ya bango la mlangoni? Mimi nilimpa tu asome."

Ni kweli, 'wageni wetu wapendwa' ilikuwa yangu, na nilikuwa nimejisifu nayo.

Akakaa chini. "Wewe baba yako bado anakupigia simu kila Jumapili, Mere. Wa kwangu amekufa, sina hata hizo dakika sita. Nilidhani Bibi atafurahi."

Kesho yake tulipanda tena mlimani, na yaqona nyingine, ya kuomba radhi. Tulimkuta Bibi Ulamila anasuka mkeka na wanawake wenzake. Alitusikiliza bila kuinua macho.

"Mnataka kujua Sakiusa alivyosema?" hatimaye akauliza. Akasimama, akatoa tumbo mbele, akaweka mikono mgongoni, akaunguruma: "Sikieni nyie! Kesho kufyeka njia! Jope, nguruwe wako amekula magimbi ya mchungaji tena, mfunge au tumle! Na wewe uliyechukua sufuria ya kanisa, tunakujua, tunakuonea haya tu!"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akalalia mkeka. Mwingine akasema, "Hukuweka kikohozi!" akainuka kuonyesha kikohozi. Wa tatu akaonyesha jinsi Mzee alivyokuwa akisimama mbele ya nyumba ya mama huyo na kungoja chai.

"Bibi," Dharmesh akasema, "naomba nirekodi."

"Leo umeuliza. Rekodi."

Walipomaliza, Bibi alikaa akijifuta macho. "Nilikuwa naona aibu kwa makelele yale. Akianza tu, nafunga dirisha."

Dharmesh alimwambia kuwa ile sauti ya mashine imebaki kwenye simu yake tu. Akauliza aifute pale pale, au amwachie Bibi aitunze. Bibi alifikiri sana. "Niachie simu mpaka kesho."

Tulilala kwa mchungaji. Asubuhi Bibi alituletea mihogo na samaki wa nazi, akaweka simu juu ya meza. "Futa."

"Ulimsikiliza?" nikauliza.

"Hilo ni langu, mwanangu. Kuleni."

Dharmesh alifuta, akamwonyesha kioo cha simu.

Ndani ya miwani, sasa, mgeni anazunguka Nakorowai akifuatwa na sauti za wanawake wazee wanaomwigiza mwanamume mmoja, kila mmoja kwa namna yake, na vicheko vyao hatukuvikata. Siku ya ufunguzi bosi mmoja kutoka mjini aliniuliza kwa nini hatukutafuta mwigizaji mwanamume. Nilimwambia avae miwani tena.

Watoto wa shule waliokulia mlimani, ambao hawamkumbuki Mzee Sakiusa, nao walivaa miwani, kisha wakarudi kwao na basi la saa kumi. Jumatatu mwalimu wao alinipigia simu: darasa zima linatembea limetoa matumbo, mikono mgongoni, linatangaza makosa ya walimu. Alisema amepiga ili kushtaki, lakini hakuweza kumaliza sentensi kwa kucheka.