Waliohesabiwa Walifika

Jumamosi aliyotimiza miaka sitini, Mama Mashuka alitandika kitambaa mezani, akapanga viti vinne na kukata keki kabla mtu yeyote hajapiga hodi. Kisha akaanza kuhesabu neema zake. Alizihesabu kama alivyohesabu mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, hadi alipostaafu mwezi uliopita: kwa sauti, mkono ukiwa juu ya kila moja. Katika chumba cha nguo, shuka lisilotajwa kwa sauti halikuwepo, hata kama umelikalia.

"Magoti, mazima. Moja. Dirisha lenye jua la asubuhi. Mbili."

Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na wa kuongea naye. Tangu Jumatano hakuna aliyemwita kwa jina.

"Mume mwema," akasema, akigusa kiti cha kwanza. "Tatu."

Mumewe, aliyefariki miaka tisa nyuma, akavuta kiti akaketi. Alikuwa amenyoa vizuri.

"Mama mzazi. Nne."

Mama yake akaingia akizilaumu ngazi, kama alivyozilaumu enzi za uhai wake. Akamiminiwa chai.

"Mwanangu. Tano."

Kiti kikabaki kitupu. Kazini, hesabu ikigoma hurudiwa, kwa hiyo akarudia, mkono ukibonyeza mbao. "Mwanangu. Tano." Simu ikalia mara moja. Ulikuwa ujumbe wa mwanawe, na akawasomea wageni: hongera Mama, leo nimebanwa sana, wiki ijayo Mungu akipenda. Ulikuwa ule ule wa mwaka jana, hadi nukta. Akailaza simu kifudifudi.

"Anakaa mbali sana?" mama yake akauliza.

"Mtaa wa pili. Ukifika dukani unashika kulia."

"Aa." Mama yake akapuliza chai yake. "Sisi tumetoka mbali kidogo."

Mume akacheka mpaka akapaliwa na keki. Mama Mashuka naye akacheka, kisha akalia, kisha akawaongezea chai. Hakujisumbua kuficha machozi, maana hao wawili walimjua tangu zamani. Mume alisema keki imekauka kidogo, akala vipande vitatu.

Saa kumi na mbili jioni wageni wakainuka. Akawasindikiza hadi mlangoni.

"Nami nikishafika huko kwenu," akauliza, "nitaruhusiwa kuja kumwona mwanangu?"

"Mtu anakuja akihesabiwa," mumewe akasema. "Si unaona sisi tulivyokuja?"

"Na asiponihesabu?"

Mumewe akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mama yake ndiye aliyemjibu, huku akimweka sawa kola ya gauni.

"Wako wengi kule wanaokaa tu, mwanangu. Utawazoea."