Mkono Pembeni mwa Picha

Kwa miaka minne Celestine alirusha droni bila kumgusa mtu hata unywele. Alipiga picha harusi za Migosi, mtaa wa Kisumu alikokuwa amepanga, mahafali kule Bondo, mikutano ya injili, hata mazishi ya watu wakubwa. Laiseni alikuwa nayo, mashine ilikuwa imesajiliwa, na namba ya usajili ameibandika ubavuni. Watu walimtania kwamba anaogopa sheria kuliko radi. Yeye akawajibu, "Kitu cha angani kikianguka hakichagui kichwa."

Sheria hizo alizijua kama Baba Yetu. Hakuruka juu ya umati, hakupita kimo alichowekewa, na hakuwasha mashine karibu na uwanja wa ndege bila kibali cha siku ile na mahali pale. Hilo la mwisho lilimsumbua zaidi, kwa sababu ndege zinazotua Kisumu hupita juu ya ziwa lilelile ambalo kila mwenye sherehe anataka lionekane nyuma yake. Tena hakuwa akirusha peke yake penye watu wengi. Mwenye rimoti macho yake huwa kwenye skrini, na skrini ni ndogo. Lazima awepo mwingine wa kuitazama droni yenyewe na yaliyo chini yake. Kwa Celestine, mtu huyo alikuwa Ndegwa, fundi wa simu waliyegawana naye chumba cha duka mjini, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi.

Jumamosi ya mashindano ya makasia, Ndegwa hakuwepo. Dada yake alikuwa amelazwa Nakuru, na alisafiri Ijumaa.

"Hiyo kazi iache," alimwambia Celestine akifunga mkoba. "Ni maji, ni watu, ni upepo. Na kibali chenyewe hujakiona kwa macho."

"Mwenyekiti anasema kiko ofisini kwake."

"Kibali cha ofisini kwake hakikusaidii wewe ukiwa ufuoni."

Celestine alijua Ndegwa amesema kweli. Lakini mwenyekiti wa kamati ya mashindano, Bwana Griffins, alikuwa amempigia simu mara tatu siku hiyo. Mgeni wa heshima anakuja. Runinga zimealikwa. Bila picha za juu, alisema, mashindano yataonekana kama watu wanaovuka kwenda sokoni. Celestine akakubali. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka ni neno gani hasa lililomshinda, asilione. Alikubali tu, kama mtu anavyokubali chai.

Ufuo wa Rawo, kijiji cha wavuvi karibu na njia ya ndege, ulijaa tangu asubuhi. Kulikuwa na mahema, ngoma, harufu ya samaki wa kukaanga, na vipaza sauti viwili vilivyoshindana wenyewe kwa wenyewe. Celestine alijitenga upande wa kushoto, penye mawe, ili droni ipae na kutua mbali na watu. Alipima upepo, akahesabu betri: mbili zilizojaa na moja ya nusu. Alipomuuliza Griffins habari ya kibali, mwenyekiti alimpiga bega kidogo.

"Dada, wewe rusha. Yakitokea mambo, niko hapa."

Mbio za mwisho zilikuwa za mtu mmoja mmoja, kila mmoja na mtumbwi wake mdogo. Walijipanga mstari, watu kumi na mmoja. Kati yao alikuwa Owiti, mvuvi wa Rawo, mwenye miaka ishirini na tisa, ambaye Celestine hakumjua hata kwa jina. Walitakiwa kuzunguka boya jekundu mbali ziwani na kurudi. Kulikuwa na boti moja ya injini yenye bendera ya rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo ya uokoaji, na ilitakiwa kukaa karibu na boya mpaka mtumbwi wa mwisho upite.

Filimbi ikalia. Celestine akaipaza droni, akaipeleka pembeni mwa mitumbwi, si juu yake. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka ziwani na mashine ilikuwa ikila betri kupigana nao. Jua liligonga skrini. Aliinama, akakinga kwa kofia, akaona watatu wametangulia, wamefungana bega kwa bega. Simu yake ilikuwa kwenye spika, sauti ya Griffins ilitoka humo, "Hao wa mbele, Celestine! Usiwaachie!" Akawafuata. Umati ulipiga kelele. Betri ilipofika asilimia thelathini aliirudisha mashine penye mawe kama alivyojizoesha, ikatua taratibu juu ya kijibao chake, na mshindi akabebwa mabegani.

Ilikuwa karibu nusu saa kabla mtu hajauliza mtumbwi wa kumi na moja uko wapi.

Mtumbwi wenyewe ulionekana jioni hiyo, umepinduka, umenaswa kwenye magugu maji. Owiti alipatikana Jumatatu na wavuvi wenzake waliokuwa wamekataa kushusha nyavu mpaka wamwone.

Celestine alikata simu zote za pongezi. Alilia kama wengine walivyolia, kwa kijana wa watu. Kisha Jumanne redio ya mjini ikatangaza maneno ya kamati: marehemu aliingia majini akiwa amelewa, alionywa, akakaidi, kamati inaipa pole familia. Celestine aliyasikia akiwa dukani, na hakuwa na sababu ya kuyakataa. Aliwasha kompyuta ili aanze kukata filamu aliyoahidi.

Alikiona mara ya tatu alipoitazama filamu. Mara mbili za kwanza alikuwa akiwatazama washindi, kama siku ile. Pembeni kabisa mwa picha, chini upande wa kulia, kulikuwa na kitu cheusi mfano wa gogo, na juu yake kitu chembamba kikienda huku na huku. Alikuza picha. Ulikuwa mtumbwi uliogeuka na mkono wa mtu.

Akarudisha nyuma, akasimamisha, akasonga polepole. Owiti alikuwa ameukumbatia mtumbwi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliuinua kuelekea boti ya uokoaji, lakini boti haikuwa penye boya. Ilikuwa mbele, sambamba na washindi, na ndani yake mgeni wa heshima amesimama, watu wakimpiga picha kwa simu. Owiti akageuza kichwa. Ndipo alipoiona droni. Akainua uso juu, akapunga. Hakuwa akipunga kama mlevi. Alipunga kwa mpango, mkono wote, akipumzika na kuanza tena. Dakika nne na sekunde kumi. Halafu droni ilisogea kufuata washindi, na picha yake ikaishia hapo.

Celestine alichukua simu, akaanza kuwauliza wanakamati ni nani aliyeipangia boti zamu.

Ndegwa aliporudi Jumatano alimkuta ameketi na taa zimezimwa, mchana. Akaonyeshwa. Alitazama mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ningekuwepo ningemwona," alisema.

"Najua."

"Sikulaumu. Nasema tu."

Siku hiyohiyo Griffins alifika. Nani alimwambia, Celestine hakujua. Labda alijifichua mwenyewe kwa maswali yake ya zamu ya boti. Mwenyekiti alifunga mlango wa duka kwa nyuma.

"Dada, hiyo video ina nini?"

"Una kibali?" Celestine akamuuliza. "Nionyeshe kibali, mwenyekiti."

Griffins alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Hakikutoka. Waliomba makaratasi mengi. Sasa sikiliza. Aliyeshika rimoti ni nani? Mimi? Uliruka karibu na njia ya ndege, mbele ya watu elfu mbili, huna kibali, huna hata mtu wa kukuangalizia. Ukiipeleka hiyo video, unajipeleka mwenyewe. Kijana amekufa, Mungu amrehemu. Harudi. Futa, sote tuendelee kuishi."

Ndegwa, aliyekuwa amejikunja juu ya simu mbovu kwenye meza yake, aliinua kichwa. "Mzee, umemaliza?"

Griffins akaondoka. Celestine alikaa na kidole karibu na kitufe cha kufuta, na haikuwa kwa sekunde moja tu. Laiseni ile ilimchukua miaka miwili kuipata. Kazi yote aliyoijua ilikuwa ndani ya mashine ile. Na Griffins hakusema uongo: kila alichokitaja, alikuwa amekifanya.

Asubuhi ya Alhamisi alichukua kompyuta akaenda Rawo.

Mama yake Owiti aliitwa Perez. Alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, wanawake wa kanisa wamemzunguka, wakiongea chini kwa chini. Celestine alijitambulisha na kusema ana jambo ambalo mama peke yake ndiye wa kuamua kuliona au kutoliona. Wanawake wakatazamana. Perez akawaambia wampishe.

"Wewe ndiye wa kile kidudu kilicholia angani?"

"Ndimi, Mama."

"Wanasema mwanangu alilewa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Owiti ameokoka miaka sita. Hata dawa ya kikohozi alikuwa akinusa kwanza. Jana mchungaji ameniuliza, kwa upole, kama nina hakika. Kwa upole, nyathina, binti yangu. Amenizika kabla ya mwanangu."

Celestine akafungua kompyuta. Alieleza kwanza kilichomo, asije akamshtukiza. Perez akaitikia kwa kichwa. Alitazama bila kupepesa. Picha ilipokwisha alisema, "Rudisha." Akatazama tena.

"Hapo anampungia nani?"

Celestine angeweza kusema anawapungia watu wa ufuoni. Jibu hilo lilimjia mdomoni tayari, laini.

"Mimi, Mama. Anaipungia droni. Alidhani kuna mtu anayemwona."

"Na wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Wanaoshinda."

Nje, mtu alikuwa akipasua kuni. Perez alinyoosha kidole akakigusa kioo cha kompyuta, pale palipokuwa na uso. Picha nyingine zote zilionyesha utosi na mabega tu, kama wanavyoonekana watu wote kutoka juu. Hapo tu ndipo uso wake ulipokuwa umeelekea juu, wazi.

"Ana hasira," alisema. "Tazama. Alikuwa na uso huohuo akiwa mdogo nikichelewa kumfungulia mlango." Kisha akaanza kulia, kwa sauti, na wanawake wakarudi mbio.

Walipomtuliza, alimwita Celestine, aliyekwisha kufika mlangoni.

"Sijui nikushukuru au nikulaani. Yote mawili yako hapa." Akagusa kifua. "Lakini usiniachie mimi hii kazi. Ipeleke kwa polisi wewe mwenyewe."

Aliipeleka. Aliandika maelezo kurasa tano, ikiwemo kwamba aliruka bila kibali na bila mwangalizi. Ofisa aliyempokea alimuuliza mara mbili kama anaelewa anachokiandika. Droni, rimoti, betri na kadi vikachukuliwa kuwa vielelezo. Wiki mbili baadaye barua ya mamlaka ya anga ikaja: laiseni imesimamishwa kwa miezi kumi na minane. Hakukata rufaa.

Owiti alikuwa amezikwa kabla ya barua hiyo, Jumamosi ya wiki ileile Celestine aliyokwenda polisi. Daktari alikuwa ameandika kwamba mwilini mwake hakukuwa na pombe, na mchungaji aliisoma karatasi hiyo mbele ya kaburi, kisha akamwomba Perez msamaha hadharani. Perez aliinama akachota udongo. Celestine alisimama nyuma kabisa, mikono mitupu. Kwenye mazishi mengine watu walizoea kumwita apige picha. Siku hiyo baadhi walimtambua, wakanong'onezana, mmoja akatema mate chini. Hakujua kama alitema kwa sababu alipiga video ile au kwa sababu aliitoa.

Uchunguzi wa mahakama uliahirishwa mara tatu. Ulipofanyika, dereva wa boti ya uokoaji alisema aliamriwa kumbeba mgeni. Griffins alisema hakumwamuru mtu. Hakimu aliandika kwamba kifo kilitokana na uzembe na akapendekeza wahusika washtakiwe. Jalada likapelekwa ofisi nyingine, na huko limekaa. Griffins alijiuzulu uenyekiti. Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika kama kawaida, na watu waliokwenda walimwona ameketi kiti cha mbele, karibu na mgeni wa heshima mwingine.

Celestine alibaki na kazi ya kupiga picha za pasipoti na kutoa nakala za vyeti. Akikutana na Perez sokoni husalimiana. Siku nyingine mama huyo humuuliza hali. Siku nyingine hupita kama hamjui, na Celestine huwa amejiandaa kwa yote mawili.

Miezi kumi na minane ilipotimia aliitwa kituoni kuchukua mali yake. Vitu vilikuwa ndani ya gunia dogo lenye lebo. Ndegwa alivitandaza mezani dukani, akakagua kimoja kimoja kwa kurunzi yake ya ufundi. Mabawa yalikuwa sawa. Kamera ilikuwa sawa. Betri tatu zote zilikuwa zimevimba kwa kukaa muda mrefu bila kuchajiwa.

"Hizi ni za kutupa, ni hatari," alisema. "Lakini betri mpya zinapatikana. Mashine yenyewe ni nzima, Celestine. Ukitaka, Jumamosi twende uwanja wa wazi, mbali na maji, uijaribu. Mimi nitakaa nikuangalizie."

Celestine aliizungusha droni mikononi. Alitazama kijicho cha kamera chini yake. Kilikuwa na vumbi, akakifuta kwa ncha ya leso.

"Sio Jumamosi hii," alisema, akaipandisha kwenye rafu ya juu, nyuma ya maboksi ya karatasi, kisha akageuka kumhudumia mama aliyekuwa akisubiri kupigwa picha ya kitambulisho.