Zaburi za Adhabu

Fundi wa saa alipiga kengele saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama alivyopigiwa yeye katika shule ya bweni iliyomlea, akasimama sebuleni kuita mahudhurio.

"Mama."

"Nipo, bwana mkubwa," mkewe alijibu huku akipiga mwayo.

"Binti."

"Nipo."

Neno hilo ndilo pekee lililobaki kinywani mwa mtoto huyo tangu atimize miaka kumi na minne, miaka miwili sasa. Umuulize habari za shule, nipo. Umuulize kama amekula, nipo. Mama yake akambandika jina la Bi Nipo. Fundi hakucheka. Alikuwa amesali, amefunga, amewaomba ushauri wazee wenzake wa kanisa. Mtoto akazidi kwenda mbali huku ameketi pale pale kwenye kochi.

"Kesho ni kipaimara," alisema. "Utasimama mbele ya kanisa zima uikiri imani. Leo ongoza sala, upate mazoezi."

"Sitasimama, Baba."

Masikio ya fundi yakawaka moto. Darasa lile la kipaimara alilifundisha yeye mwenyewe! Akanyoosha kidole mezani.

"Daftari. Zaburi ya mia na kumi na tisa, yote."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Hakuwahi kumchapa mtoto, na alijivunia hilo. Kuchelewa kurudi, unanakili Zaburi fupi. Jeuri, ndefu kidogo. Uongo au uasi, hiyo yenye mistari mia na sabini na sita. Ndivyo alivyonyooshwa bwenini, naye akanyooka.

Dukani kazi haikuendeka. Parafujo ndogo kuliko punje ya mtama ilimponyoka kwenye kibano, akaitafuta sakafuni kwa magoti mpaka mkewe alipomletea chakula cha mchana.

"Unasali au umepoteza kitu?"

"Binti yako atanitia aibu kanisani."

"Leo ni wangu? Mume wangu, saa za watu unazifungua kwa kibano. Mwanao unamfungua kwa nyundo."

"Samaki mkunje angali mbichi."

"Umemkunja. Sasa unashangaa haogelei?"

Fundi alifunga duka mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akarudi nyumbani na hotuba kamili kichwani.

Binti alikuwa mezani, amefika mstari wa mia na arobaini, mwandiko umenyooka kama rula. Kando yake palikuwa na madaftari saba ya zamani. Fundi akafunua moja. Juu ya kila ukurasa paliandikwa tarehe na kosa, kama alivyoagiza mwenyewe. *Kuchelewa. Kununa. Kucheka wakati wa sala.*

"Hapa ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

Hotuba ikamkauka. "Kwa nini hutaki kusimama?"

Binti alimwonyesha kidole cha kati, pale kalamu ilipokuwa imeotesha sugu. "Kila nikikosea, Baba, unanipa Neno la Mungu kama wenzangu wanavyopewa fimbo. Mchungaji akifungua Zaburi, hapa panauma. Sijui kama naamini. Najua kunakili tu. Kesho nikisema naamini, nitakuwa nimesema uongo. Na Zaburi ya uongo naijua urefu wake."

Fundi alikuwa na majibu kwa kila swali la imani. Aliyafundisha kila Jumamosi. Safari hii akachukua kofia yake, akatoka.

Mchungaji alikuwa akipanga viti kanisani.

"Futa jina la binti yangu."

"Mzee, orodha hii umeiandika kwa mkono wako."

"Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu."

"Mtoto ana tatizo?"

Ingekuwa rahisi kusema anaumwa. "Mwalimu wake ndiye mwenye tatizo."

Aliporudi, binti bado alikuwa akiandika.

"Weka kalamu. Jina nimelifuta."

"Nimebakiza mistari kumi. Nikiacha, adhabu inahamia kesho?"

Swali lilimuudhi, na lililomuudhi zaidi ni kwamba lilikuwa swali la haki. "Haihamii."

Binti alifunga daftari, akaingia chumbani, akaubamiza mlango. Hakuna asante, hakuna shikamoo. Fundi alifungua kinywa amwite arudi aufunge kwa adabu, akakifumba. Akaketi pembeni mwa kochi, mahali pa mtoto, akafumba macho asali. Yeye aliyezoea kuomba kwa robo saa bila kutua, maneno yakamwishia. Likabaki moja.

"Nipo," alisema.

Sauti ikatoka nyuma ya mlango:

"Baba? Unaongea na nani?"

"Siongei na wewe," alijibu kwa ukali.

Mlango ukafunguka kidogo.